Maswali ya Wasomaji: Land Rover ya Zamani Inapofika Mnadani

SWALI: Mafundi wetu, salaam. Kuna Land Rover Series I ya mwaka 1950 ambayo nimeifuatilia miaka mitatu. Mwenyewe hakutaka kuuza hadi alipofariki, na sasa warithi wameipeleka mnadani. Katalogi inasema gari "limekarabatiwa, ni la asili". Siku ya kukagua ni moja, tena saa chache. Nianze wapi?

JIBU: Anza chini, ndugu msomaji, tena kabla hujavutiwa na rangi. Vaa nguo za kulalia chini, beba tochi, bisibisi yenye mpini mgumu, futi, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isije ikakwaruza rangi ya watu.

Land Rover ilipozinduliwa Aprili 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza, ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Aloi hiyo haipati kutu nyekundu, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Juu gari linang'aa, kumbe chesisi ya chuma imeliwa na kutu kutoka ndani. Chesisi yenyewe ni mabati yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu. Tope na maji yakishaingia humo hukaa, na kutu huanza kazi upande usiouona. Sehemu zinazotangulia kuoza ni mhimili wa nyuma kabisa unaobeba ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi, na mahali shakeli za springi, yaani vibanio vinavyoshikilia ncha za springi, zinaposhikilia.

Gonga kwa mpini wa bisibisi, sentimita tano kwa sentimita tano. Chuma kizima kinalia "ting" na mpini unarudi mkononi. Kilichooza kinajibu "dup", na mara nyingi unga wa kahawia unadondoka kupitia matundu ya chini. Gonga hasa upande wa chini wa boksi, kwa sababu ndiko maji yanakolala. Ukikuta chesisi nzima imepakwa lami nzito juzijuzi, ongeza muda wa kugonga. Lami hiyo inaweza kuwa kinga ya kweli, inaweza pia kuwa blanketi juu ya viraka. Kiraka kilichochomelewa juu ya bati bovu utakijua kwa ukingo wake ulioinuka, kwa hiyo pitisha kidole.

Sumaku kwenye gari hili inasomwa kinyume na ulivyozoea. Kwenye madigadi ya mbele haitakiwi kunasa, maana ni alumini. Ikinasa, jua kuna bati la chuma lililopachikwa. Kwenye ukuta unaotenga injini na abiria inatakiwa kunasa barabara, maana huo ni chuma. Isiponasa pale miguu ya dereva inapokanyaga, au kwenye nguzo za milango, basi unatazama puti iliyopakwa rangi. Kukarabati ukuta huo ni kazi kubwa, kwani lazima ung'oe kioo, dashibodi, usukani na nyaya.

Halafu neno "asili" lipimwe kwa futi. Series I ya 1950 ina inchi 80, yaani sentimita 203, kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. Ukipata 218, hiyo ni chesisi ya inchi 86, ambayo ilikuja miaka kadhaa baadaye. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,595, ambayo valvu za kuingiza ziko juu kwenye silinda hedi na za kutolea ziko ubavuni mwa bloku. Nyingi zilikuja kuwekewa injini ya 2,286, yenye valvu zote kwenye hedi. Gari la namna hiyo linatembea vizuri, pengine kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini bei yake isiwe ya gari la asili.

SWALI: Injini haijawashwa miaka kumi na miwili. Wanaruhusu kugusa, ila si kuwasha. Nitajuaje kama imekwama?

JIBU: Chomoa kijiti cha oili kwanza. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji: huenda gasketi ya hedi imekufa, au kuna ufa. Funua kifuniko cha radieta na kunusa kama maji nayo yana harufu ya oili. Kisha omba ruhusa ya kuzungusha injini kwa hendeli ya mbele, gia ikiwa huru. Zungusha taratibu kwa mkono mmoja. Ikiyumba kidogo tu kisha ikagoma, simama. Ukilazimisha, ringi za pistoni zilizoshikana na kutu zinavunjika, au valvu iliyoganda inapinda.

Ukishalinunua, toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha oili nyepesi, kama mililita 15, kwenye kila silinda, na uiache usiku na mchana kabla ya kujaribu tena hendeli. Petroli ya tangini imwagwe yote. Petroli iliyokaa miaka huacha utando kama vanishi unaoziba jeti za kabureta, yaani vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Stata iguswe mwisho kabisa.

Jambo moja limewaunguzia wengi vifaa: magari haya yalitoka kiwandani na umeme wa volti 12 ambao upande wa CHANYA wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Baadhi yamegeuzwa baadaye. Kabla ya kuunga betri, fuata kwa macho waya uliofungwa kwenye chesisi na uhakikishe ulikuwa wa upande gani.

SWALI: Niweke dau la mwisho kiasi gani?

JIBU: Liandike nyumbani, si ukumbini. Chukua fedha zote ulizonazo, toa usafiri, usajili na matengenezo ya lazima, kisha kilichobaki kigawe kwa moja jumlisha kamisheni ya mnunuzi, yaani asilimia ambayo mnada unakutoza juu ya dau lako. Mfano: una 100, gharama hizo ni 30, umebaki na 70. Kama kamisheni ni asilimia 12, gawa 70 kwa 1.12 na utapata 62.5. Hapo ndipo mkono wako unaposhuka. Uliza pia kama kodi inatozwa juu ya kamisheni, na kama kuna bei ya siri ambayo muuzaji hatashuka chini yake. Dau lisipoifikia, usiondoke haraka. Nenda kwa dalali mkimaliza, maana mara nyingi mazungumzo huendelea pembeni.

SWALI: Namba ya chesisi ya kwenye kibati haifanani na ya kwenye kadi ya gari. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue hadi namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi yenyewe isomeke na ilingane na kadi. Kibati kinahamishika kwa skrubu mbili. Pia angalia kama chuma kilichozunguka namba kimesagwa au kuchomelewa.

SWALI: Nikishinda, naweza kuliendesha hadi nyumbani?

JIBU: Hapana, hata likiwaka. Breki zake za mafuta ni mzunguko mmoja kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo bomba moja likipasuka pedali inazama hadi chini na hakuna akiba. Mafuta ya breki hunyonya maji, na kwa miaka kumi na miwili silinda za magurudumu huwa zimeshika kutu. Tairi nazo zisome: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya 2000, hata kama kashata zake zimejaa.

Libebe juu ya lori na ufunge mikanda kwenye eksili, si kwenye bodi. Na uwaonye wapakiaji: handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti ya nyuma inapotoka kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya eksili kuzunguka tofauti, inaliacha lizunguke, na gari zima linateleza ingawa handibreki imevutwa hadi mwisho. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kabla jeki haijaguswa.