Kinachouma si kitanzi: nira za mabegani, vyuma vya mapajani na shingo yako kwenye rolakosta za zamani

Ndugu uliyeuliza, nitajibu kwa mpangilio wangu, usinune. Umesema Desemba mnatoka Mombasa kwenda Johannesburg, mtapita Gold Reef City, bustani ya michezo ya huko, kijana wa miaka 12 ameshang'ang'ania rolakosta (magari ya reli ya burudani) mbili za hapo, Golden Loop na Anaconda, mama watoto anavaa buibui, na jirani yako wa Kisauni alirudi kutoka Ulaya akilia na masikio na shingo baada ya kupanda rolakosta ya zamani yenye kitanzi, yaani reli inayozunguka wima mpaka abiria awe kichwa chini. Unataka kujua kama vifungo vya zamani vinashika kweli, na kama kuna namna ya kukaa mtu asiumie.

Vinashika. Kuumia ni habari nyingine kabisa, na watu huchanganya hayo mawili.

Anza na kitanzi chenyewe, maana ndicho kinachowatisha wengi. Pale juu, kichwa chini miguu juu, mwili haung'ang'anii kuanguka. Unasukumwa kwenye kiti. Tatizo la vitanzi vya kale lilikuwa umbo. Rolakosta ya Flip Flap ya Coney Island, New York, 1895, ilikuwa na duara kamili la kipenyo cha mita 7.6 hivi. Fanya hesabu bila msuguano: behewa likitaka kupita juu ya duara kamili bila kubanduka kwenye reli, lazima liingie chini kwa kasi ambayo abiria anabeba mara 6 ya uzito wake, tena ghafla, reli ikitoka bapa kuwa duara papo hapo. Shingo za watu ziliumia, na umaarufu wa ile mashine ulibaki kuwa huo. Kitanzi cha kisasa kina umbo la yai lililosimamishwa, ncha nyembamba juu: chini mkunjo ni mpana na unaanza taratibu, juu ni mdogo. Revolution ya Six Flags Magic Mountain kule California, iliyojengwa na Anton Schwarzkopf na kupigiwa hesabu na Werner Stengel mwaka 1976, ndiyo iliyofungua njia hiyo. Na angalia hili: ilifunguliwa ikiwa na chuma cha mapajani tu. Hakuna kitu mabegani. Kitanzi kilichochorwa vizuri hakihitaji zaidi ya kushika nyonga.

Golden Loop uliyoitaja ni ya Schwarzkopf huyo huyo, ya ukoo wa zile zinazorushwa: unapita kitanzi, unapanda mnara, unarudi kinyumenyume ukipita kitanzi kile kile. Anaconda ni ya kampuni ya Giovanola, ya 1999, mabehewa yananing'inia chini ya reli na miguu iko hewani. Ni wanyama wawili tofauti, na kijana wako asidhani akimudu mmoja amemudu wote.

Sasa kinachouma. Ni kusukumwa ubavuni.

Panda tuktuk, dereva akate kona ya Sabasaba bila kupunguza mwendo. Kiwiliwili kinakwenda na kiti kwa sababu makalio yameshikwa, kichwa kinabaki nyuma, halafu kinafuata kwa kishindo. Kwenye reli ni hivyo hivyo, ila mara kadhaa zaidi. Rolakosta za mwanzo zenye parafujo (pale reli inapojiviringa kama skrubu), kuanzia ile Corkscrew ya kampuni ya Arrow iliyofunguliwa Knott's Berry Farm mwaka 1975, zilipinda reli kwa kuizungusha reli yenyewe. Yaani mhimili wa mzunguko uko miguuni mwako. Kichwa kiko kama mita 1.3 juu ya mhimili huo. Behewa likilala ubavu kwa nyuzi 90 kwa sekunde, kichwa kinafagia kando kwa takriban mita 2 kwa sekunde, na kama mwendo huo umefikiwa ndani ya sehemu ya tano ya sekunde, shingo imebebeshwa ubavuni uzito mzima wa kichwa, kilo 4 na nusu hadi 5. Mbinu ya baadaye ni kuzungusha reli kuuzunguka moyo wa abiria, reli ndiyo ifagie kando na kifua kibaki mahali pake. Hapo kichwa kiko mbali na mhimili kwa sentimita 35 hivi tu, na mzigo ule ule unashuka hadi robo na ushei. Ndiyo maana rolakosta mpya yenye vitanzi 7 inaweza kuwa laini kuliko ya zamani yenye kimoja na parafujo mbili.

Ongeza kwamba mabomba ya reli za zamani yalikunjwa kabla ya mahesabu ya kompyuta kuwa jambo la kawaida, mikunjo ikakutana na sehemu zilizonyooka bila kipande cha kulainisha katikati. Ongeza na magurudumu: kila behewa lina ya kubeba juu ya reli, ya pembeni, na ya chini yanayozuia lisinyanyuke. Ya pembeni yakilika au springi zake zikichoka, behewa linapata nafasi ya kucheza kushoto na kulia, nawe ndani yake unachezeshwa kama njugu kwenye kopo.

Hapo ndipo nira inapoingia. Naiita nira kwa sababu ndivyo ilivyo: chuma chenye umbo la U kinachoshuka kutoka nyuma ya kichwa, kimevishwa sponji na ngozi ya plastiki, pembe mbili zinapita pande zote za shingo hadi kifuani. Iangalie kwa karibu ukikaa. Kati ya sikio na pembe kuna nafasi ya vidole vitatu, vinne. Nafasi hiyo ndiyo adui. Kichwa kinapata mwendo ndani yake kabla ya kugonga. Mtu ambaye sikio lake liko sawa na sehemu ngumu ya pembe anagongwa sikioni. Mrefu zaidi anagongwa taya au anabanwa mabega. Mfupi anagongwa juu ya kipaji cha uso. Sponji iliyokaa juani miaka mingi inakuwa ngumu kama soli ya kandambili, na ngozi ikipasuka inanyonya maji ya mvua.

Revolution niliyoitaja ni ushahidi mzuri. Baadaye ilivishwa nira za mabegani, abiria wakaanza kulalamika kugongwa vichwa kwenye reli ile ile. Mwaka 2016 ikarudishiwa vyuma vya mapajani, malalamiko hayo yakakosa pa kusimama. Mimi msimamo wangu uko hapo: nira nyingi za zamani ziliwekwa kumtuliza mtu macho, na shingo ndiyo inayolipa.

Lakini nisiwe mwepesi wa kusema. Mindbender ya Edmonton, Kanada, ilikuwa ya Schwarzkopf na vyuma vya mapajani. Tarehe 14 Juni 1986 bolti za seti ya magurudumu ya behewa la mwisho zilitoka, behewa likayumba na kugonga, vyuma vya mapajani vikaachia, watu watatu wakafariki. Baada ya hapo ikaongezwa nira na mikanda. Chanzo kilikuwa gurudumu. Kifungo cha mapajani kilichoundwa kwa safari nzima hakikuundwa kwa behewa linalopondwa. Kwa hiyo ukiniuliza usalama uko wapi, nitakuonyesha kwanza bolti, nati na pini yake, ndipo nije kwenye nira.

Kufuli lenyewe ni la namna mbili. Ya zamani ni ya meno: kila ukivuta chini unasikia ta-ta-ta, kabari inaingia jino baada ya jino, na mara nyingi kabari ni mbili, moja ikivunjika nyingine inashika. Springi ndiyo inayosukuma kabari kwenye meno, kwa hiyo umeme ukikatika (na sisi wa Pwani tunaujua umeme) kifungo kinabaki kimefungwa. Kukifungua ndiko kunakohitaji nguvu: mhudumu anakanyaga pedali iliyo chini ya behewa, au hewa ya mgandamizo ya stesheni inasukuma wenzo. Namna ya pili ni ya haidroliki: silinda ya mafuta, valvu moja inaruhusu kushuka na kukataa kupanda. Haina meno, inasimama popote, haitoi mlio.

Kila moja ina ugonjwa wake. Meno yaliyolika ncha yanaruka. Utajua nira ikishuka na kisha kurudi juu kidogo ikiachiwa. Silinda inayovuja inaachia polepole, unaona nira inapanda kwa unene wa kidole wakati treni bado imesimama. Mchezo wa sentimita moja au mbili ni wa kawaida, ni bushi za ekseli ya nira, vile vibomba ambamo ekseli inazunguka. Zaidi ya hapo inua mkono na umwite mhudumu. Ule mkanda mdogo unaounganisha nira na kiti katikati ya miguu ni akiba. Haushiki kitu mpaka kufuli lishindwe, kwa hiyo usihangaike ukiwa umelegea kidogo. Hangaika kama haupo wakati viti vingine vyote vinao.

Kero moja inayowapata wengi: nira ya meno kushuka jino zaidi katikati ya safari. Kwenye bonde la mara 4 ya uzito, nira ya kilo 10 inakandamiza kama ya kilo 40, mabega na sponji vinabonyea, kabari inapata jino jipya, na hairudi. Unamaliza safari umebanwa pumzi. Dawa ni kuishika kwa mikono miwili sehemu ya chini na kuisukuma juu kidogo kila unapoona treni inaingia bondeni.

Kukaa sasa. Makalio yasukume nyuma mpaka mgongo wote uguse kiti, ndipo ushushe kifungo. Ukikaa kwa kulegea kisha ukafunga, chuma kinashika tumbo badala ya nyonga, na mwili utateleza mbele chini yake. Chuma cha mapajani kikae kwenye mkunjo wa paja na kiuno. Usibonyeze mpaka uumie, na usiibe nafasi kwa kusukuma tumbo mbele ili upumue baadaye. Mabehewa mengine ya zamani yana chuma kimoja cha watu wawili: kinasimama kwenye paja la mnene, mwembamba anabaki na pengo. Hapo usimkalishe kijana na baba mwenye kitambi; mkalishe na mwenye umbo kama lake.

Kichwa kiegemee nyuma, kidevu juu kidogo, shingo imekazwa kabla ya kona. Kwenye parafujo tumia hila hii: treni ikianza kulala kulia, kichwa kitagonga pembe ya kushoto. Basi kiegemeze kushoto mapema. Pasipo na nafasi hapana kishindo. Mzunguko ukiisha kitataka kwenda kulia, kaza shingo kikae katikati. Ukiona reli hila hii ni rahisi. Kinyumenyume huoni kitu, ndiyo maana rolakosta za Boomerang za Vekoma, zinazojengwa tangu 1984, zinapita kitanzi na mikunjo miwili mbele kisha zote tena nyuma, jumla mara 6 kichwa chini, na watu wengi huumia katika nusu ya pili. Sitashangaa jirani yako alipanda mojawapo. Baadhi yake sasa zimevishwa vifungo laini kama fulana, bila pembe za chuma. Ukikuta hizo, panda bila wasiwasi wa masikio.

Safu ya kukaa: kabla hujapanga foleni, tazama magurudumu ya behewa yapo chini ya kiti kipi. Safu iliyo juu ya magurudumu inapokea kila mtikisiko. Iliyo mbali nayo ni pole. Katikati ya treni ni pole kuliko mwisho. Mwisho una raha ya kuvutwa, lakini si kwa mgongo uliokwishalalamika.

Mama watoto: buibui halimzuii, ila lipangwe. Mkanda wa katikati ya miguu hauwezi kupita juu ya kitambaa kilichofunga magoti. Avae suruali ndani, buibui alipandishe mpaka juu ya mapaja akiwa amekaa, alikunje chini ya mapaja pande zote, ndipo mkanda upite. Kitambaa kisining'inie nje ya behewa hata kidogo. Mtandio aufunge kwa ndani kama ninja, bila pini. Pini ya hijabu upande wa sikio chini ya nira ni sindano inayosubiri kugongwa. Hereni zitoke, miwani iwe na kamba au ibaki kwa anayesubiri, kandambili zivuliwe kwenye Anaconda.

Kijana wa miaka 12 hapimwi kwa miaka, anapimwa kwa kimo. Bustani nyingi za Marekani huanzia sentimita 122 kwa rolakosta kama hizi, kwingine hudai 140. Kipimo hicho kinahusu bega kufikia nira na paja kujaza nafasi chini ya chuma, kwa hiyo viatu vya soli nene vya kumdanganya mhudumu vinamdanganya kijana mwenyewe.

Mwenye mimba, aliyefanyiwa upasuaji wa shingo au mgongo, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia, au retina iliyowahi kubanduka, abaki chini ashike mikoba. Na mkishuka, shingo kukakamaa siku mbili ni ya kawaida. Mikono kufa ganzi, kutapika, au kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua ni hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kurudi Mombasa.