Kipandisha volti kikichoma kidole, angalia betri kwanza

Umeme ukikatika jioni, binti yangu hukwama katikati ya masomo yake ya mtandaoni. Ndiyo sababu niliitengenezea ruta yetu akiba: betri moja ya litiamu ya 18650 na moduli ndogo ya MT3608, inayopandisha volti 3.7 kufika 12. Ikawaka vizuri. Baada ya nusu saa nilifungua kiboksi nikakuta gundi niliyoibandikia moduli imelainika, na koili yake (waya uliozungushwa) haishikiki kwa joto.

Nikakimbilia kununua moduli kubwa zaidi, XL6009. Fedha ilipotea bure, kwa kuwa chipu hiyo imetengenezwa kupokea kuanzia volti 5, nami nilikuwa na 3.7.

Hapo ndipo nilipochukua mita na kupima, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Ruta ilikuwa inakula ampea 0.5 kwa volti 12, yaani wati 6. Upande wa betri zilikuwa zinaingia ampea 2 kwa volti 3.7, yaani wati 7.4. Wati 1.4 zinazobaki ni joto tupu, na zote zinatokea kwenye kibao kisichozidi kidole gumba. Betri ikishuka hali huwa mbaya zaidi, maana volti zikipungua ampea hupanda, na joto la kwenye waya, koili na transista (swichi ya kielektroniki) hukua kwa mraba wa ampea. Ampea zikiwa maradufu, joto hilo ni mara nne.

Nikaunga betri mbili kwa mfululizo, volti 7.4, moduli ileile. Ampea za kuingia zikashuka hadi 0.88, na wati zinazopotea zikawa kama 0.5. Kidole kinakaa juu ya koili bila shida. Ukifuata njia hii, tumia betri mbili zinazolingana, weka bodi ya ulinzi ya betri mbili, na chaja iwe ya volti 8.4.

Namba ya ampea wanayoitaja wauzaji isikudanganye. Zile ampea 4 za MT3608 ni kikomo cha swichi iliyo ndani ya chipu; usitegemee kuzipata kwenye ruta.

Kama kazi yako ni kutoa volti 5 tu, tatizo kubwa ni daiodi, kile kijenzi cha moduli kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Inakula karibu volti 0.4, ambayo ni kama asilimia 8 ya kila unachotoa. Kwenye volti 12 ni asilimia 3 hivi. Kwa volti 5 tafuta moduli inayotumia transista badala ya daiodi, hata ikigharimu zaidi.

Waya za kutoka kwenye betri ziwe nene na fupi. Moduli usiigandishe na betri, kwani litiamu huchakaa haraka kwenye joto. Na jaribio lako lifanye betri ikikaribia kuisha, kiboksi kikiwa kimefungwa, kwa nusu saa nzima. Ukikifungua na koili bado inashikika, kiache usiku kucha.