Kipepeo mchakavu wa Machi si mgonjwa, katoka safari ndefu

Dada mleta uzi, umeuliza kama vipepeo wa rangi ya chungwa wanaoingia bustanini kwako hapo Texas mwezi huu wa Machi, mabawa yamepauka na kuchanika, ni wagonjwa. Na kama uwapulizie dawa viwavi wao wenye milia waliomaliza majani.

Tafadhali usipulize. Nipo Houston mwaka wa tisa sasa, na kila Machi nawasubiri kama watoto wanavyosubiri mwezi wa Idi uandame.

Huyo mchakavu anaitwa monaki. Alizaliwa mwishoni mwa kiangazi kilichopita, huko kaskazini, pengine karibu na Kanada. Akashuka hadi milima ya Michoacán, Mexico, akapitisha baridi kwenye misitu ya oyamel (miti ya jamii ya msonobari), mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, wamejazana mpaka matawi yanainama. Jua la Machi likipata nguvu wanajamiiana na kuondoka. Jike akifika kwetu anatafuta mimea ya utomvu mweupe ya jamii ya Asclepias, kwa sababu mwanawe hali kitu kingine. Anataga, anakufa. Kanada haioni tena. Wanaosonga mbele ni watoto, halafu wajukuu, na hao huishi wiki mbili hadi sita tu. Kile kizazi cha mwisho, kinachozaliwa siku zikianza kufupika, huahirisha kuzaa, kikaishi hata miezi minane. Ndicho kinachorudi Mexico, kwenye milima ambayo hakijapata kuiona. Mimi hili sijalizoea mpaka leo.

Mwaka jana nilimwona mmoja kwa karibu kabisa, bawa moja limebaki nusu. Alitua kwenye jani, akalipigapiga kwa miguu kama anayeonja (na kweli huonja kwa miguu), akakunja tumbo chini ya jani, akaacha yai moja. Akahamia shina jingine. Yai dogo kama kichwa cha pini, rangi ya maziwa, lina mistari ya wima. Siku ya nne kikatoka kiwavi, akaanza kwa kula ganda la yai lake. Wiki mbili baadaye ana urefu wa kidole changu kidogo, akajining'iniza kichwa chini kama ndoana, ngozi ikapasuka, ndani yake pupa ya kijani yenye vitone vya dhahabu. Siku ya kumi pupa ikawa kama kioo, rangi ya chungwa ya mabawa ikaonekana kwa ndani. Asubuhi yake akatoka.

Sasa kosa langu la mwaka wa kwanza. Nilinunua miche ya Asclepias dukani bila kuuliza. Viwavi 11 walikufa ndani ya siku mbili, wamelegea, wanatoa maji ya kijani. Miche ilikuwa imepigwa dawa kabla sijainunua. Niliumia sana. Siku hizi nauliza kwanza, au naotesha mbegu mwenyewe.

Kama mmea wako ni ule wa maua mekundu na manjano, Asclepias curassavica, ukate karibu na ardhi kila Oktoba. Huku kwetu haufi na baridi, hivyo majani ya zamani hubeba kimelea kiitwacho OE, na kipepeo mwenye vimelea vingi hutoka kwenye pupa mabawa yamejikunja, haruki kamwe. Mimea ya asili ya Texas, kama Asclepias viridis, ni salama zaidi.

Msimu wa baridi wa 1996/97 vipepeo hawa walijaza hekta 18 hivi za msitu kule Mexico. Msimu wa 2023/24 haikufika hata hekta moja. Ndiyo maana nakusihi uwaachie viwavi hayo majani. Shina lililoliwa likabaki tupu litachipua tena.

Na viwavi wakitoweka ghafla usidhani wameliwa. Kiwavi aliyeshiba huuhama mmea. Tazama chini ya kizingiti cha dirisha, ukingo wa uzio, hata mgongoni mwa kiti cha plastiki. Kiti chenye pupa usikisogeze.