Kanuni si sheria, basi tuandike chochote?

Swali: Mimi ni katibu wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Mwenyekiti wetu wa bodi ndiye pia mtendaji mkuu. Kanuni za utawala bora zinataka vyeo hivyo vishikwe na watu wawili, au tueleze kwa nini sivyo. Mshauri ametuuzia aya iliyokwisha kuandikwa, kwamba mpango huu "unaendana na mazingira ya kampuni." Anasema kanuni si sheria, hakuna wa kutushtaki. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, na kama mmeshamlipa, mdaini fedha zenu.

Aya kama hizo napambana nazo kila msimu wa ripoti za mwaka. Utaratibu wa "fuata au eleza" ulishika mizizi Uingereza kutokana na ripoti ya kamati ya Adrian Cadbury ya mwaka 1992. Kamati haikutaka kila kampuni ivalishwe shati la kipimo kimoja. Ila kampuni zilizoorodheshwa London zikatakiwa kusema kama zinafuata kanuni, na zisipofuata zitoe sababu. Kutenganisha vyeo ni hiari yenu. Kueleza si hiari. Washauri wa njia ya mkato huiuza nusu ya kwanza na kuinyamazia ya pili.

Jaribuni hivi: ichukueni aya hiyo muibandike kwenye ripoti ya kampuni nyingine. Ikisomeka vizuri vilevile, hamjaeleza kitu. Mwanahisa anataka kujua kwa nini ninyi hasa, nani anamdhibiti mtu huyo mmoja, wakurugenzi huru (wajumbe wa bodi wasio watendaji wala wasiofungamana na kampuni) hukutana bila yeye kuwepo au la, na hali hii itaendelea hadi lini.

Hilo la "hakuna wa kutushtaki" ndilo linalonikera zaidi. Mkiandika kwamba wakurugenzi huru wanamsimamia mwenyekiti, na mihutasari ya vikao haionyeshi hata kikao kimoja cha namna hiyo, mmeshatoka kwenye kanuni na kuingia kwenye sheria ya dhamana, yaani hisa na hati nyingine zinazouzwa sokoni. Marekani, kwa mfano, kanuni ya 10b-5, ambayo tofauti na kanuni za utawala bora ina nguvu ya sheria kwa kuwa imetungwa chini ya sheria ya mwaka 1934, inakataza kauli ya uongo juu ya jambo la msingi katika ununuzi au uuzaji wa dhamana, na inakataza pia kuacha jambo ambalo kukosekana kwake kunaifanya kauli iliyotolewa ipotoshe. Maneno yaliyoandikwa kwa hiari nayo yanapimwa kwa kipimo hicho.

Ugonjwa huu hauishii kwenye vyeo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa ya hatua zilizochukua, na inaruhusu wazi kampuni kuandika kwamba haikuchukua hatua yoyote. Sijamwona mshauri anayeuza sentensi hiyo, ingawa mara nyingi ndiyo ya kweli.

Nakiri soko si hakimu mkali kila mahali. Mwenyekiti akishika hisa nyingi kuliko wengine wote kwa pamoja, wanahisa wadogo wanaweza kusoma, kukasirika, na wasibadilishe chochote. Lakini maandishi hubaki, na mgogoro ukizuka ndiyo yanayofunguliwa kwanza. Basi kabla bodi haijapitisha ripoti, kaa na mihutasari ya mwaka mzima, uilinganishe na aya hiyo sentensi kwa sentensi. Isiyo na ushahidi, ifute.