Anayeomba punguzo hanisumbui, anayesema "nakuja" ndiye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Unauza kuku wa nyumbani kwa matangazo ya mtandaoni. Mteja msumbufu unaishi naye vipi bila kuua soko?" Mimi nafuga chotara na kienyeji huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kuku wangu karibu wote wanaondokea kwenye simu: Facebook, magrupu ya WhatsApp, status, na zile tovuti za matangazo ya bure. Nina la kusema, ingawa naanza kwa kubishana na swali lenyewe.

Watu wakisikia "mteja msumbufu" wanamfikiria yule wa "mwisho ngapi?". Huyo mbona hana shida? Mtanzania gani ananunua kuku bila kupatana? Jogoo ninayemtaka 20,000 namtangaza 22,000, tunavutana kidogo, kila mmoja anaondoka ameshinda. Hata anayeniandikia "nipe kwa 10" simjibu kwa hasira. Namwambia, "Bosi, kwa 10,000 nakupa vifaranga wawili wa mwezi mmoja, wazima, wamechanjwa. Nikutumie picha?" Wengine wanacheka na kupanda bei. Wengine kweli wanachukua vifaranga. Akisema "mbona Shekilango bei ni chini", namwambia aende, na simaanishi kwa ubaya. Pale sokoni wanashushwa kuku kutoka Singida, Dodoma na kwingine, wamechanganywa, na muuzaji mwenyewe hawezi kukwambia huyu alichanjwa lini. Kama unamtaka wa kuchinja leo, Shekilango panakufaa. Kama unamtaka wa kufuga, tuzungumze.

Msumbufu wangu mimi ni yule mpole. Haulizi bei mara mbili, anakuita dada, anaandika "niwekee, nakuja". Simu ukiiuza mtandaoni na mnunuzi akachelewa wiki, inakaa kabatini. Kuku anakula. Kuku mkubwa anamaliza kama gramu 120 za chakula kwa siku, kwa hiyo kuku ishirini uliowatenga kwa ajili ya mtu mmoja wanakula karibu kilo mbili na nusu kila siku. Kama kilo unainunua 1,200, hiyo ni karibu 3,000 kwa siku. Akikuzungusha siku tano, faida ya jogoo mmoja imekwisha na nyama yake juu. Na huo ni mfano wa chotara. Jirani yangu anafuga broila, na kwake hali ni mbaya zaidi: wakishafika wiki ya sita kila mmoja anakula karibu gramu 200 kwa siku, uzito hauongezeki kwa kasi ya pumba inayoingia, na joto letu hili likipanda mchana wanaanza kufa mmoja mmoja. Mteja wa broila anayesema "kesho" ni hasara yenye namba ya simu.

Ndiyo maana masharti yangu karibu yote yanahusu muda, bei naiacha ijitetee. Kuku hatengwi bila kishika uchumba, theluthi ya bei. Ukitanguliza, wanakuwa wako hadi siku tuliyokubaliana jioni. Ikipita, natoa kwenye kishika uchumba gharama ya chakula cha kila siku ya ziada, na zikifika siku tatu wanarudi kwenye tangazo na salio lako nakurudishia. Nimeyaandika haya kwenye tangazo lenyewe, mstari wa pili, kabla hata ya rangi za kuku. Kuna wanaoudhika. Nina mazungumzo kama haya kwenye simu yangu, ya juzi tu:

"Dada niwekee mitetea sita, zile rangi za kwenye picha. Jumamosi nakuja."
"Karibu sana kaka. Tanguliza 30,000, wanakuwa wako mpaka Jumapili jioni."
"Kwani huniamini?"
"Nakuamini. Wao ndio hawaelewi, wanataka kula."

Kimya mpaka leo. Mitetea ile ilichukuliwa Alhamisi na mama mmoja wa Gongolamboto aliyekuja na tenga lake.

Msimu wa Krismasi na wa Idi ndio wa kushika sharti hili kwa meno. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba kila mtu anataka "uniwekee wawili wa sikukuu", na ukiwaandika wote kwenye daftari bila hela utajikuta tarehe 24 una banda limejaa na simu hazipokelewi, wakati uliwakataa waliokuja na pesa mkononi.

Kwenye malipo nina neno moja kwa wanaoanza: ujumbe wa simu si pesa. Ile "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania anaijua, lakini kwenye kuku mchezo unachezwa mlangoni. Mnunuzi yuko "ofisini", anamtuma bodaboda. Bodaboda anafika, hazimi pikipiki, anapiga honi. Wakati huohuo unaingia ujumbe kwamba umepokea 110,000, una namba ya muamala, una jina, una kila kitu. Ukiutazama vizuri, umetoka kwenye namba ya mtu ya kawaida, na ujumbe halisi wa mtandao hauji na namba ya mtu, unakuja na jina la huduma. Sasa mnunuzi anapiga: "Dada mpe huyo kijana mzigo, jua linawaunguza kuku." Hapo usibishane juu ya ujumbe. Angalia salio. Salio lisipopanda, kuku hawatoki, hata bodaboda apige honi mpaka betri iishe. Na yule bodaboda mara nyingi naye hajui lolote, kakodiwa kama anavyokodiwa siku zote, kwa hiyo usimtukane. Na akitokea mtu anadai "nimezidisha, nirudishie tofauti kwenye namba nyingine", mwambie awapigie mtandao wake wamrejeshee muamala. Wewe usitume chochote.

Kuna usumbufu mwingine ambao wafugaji wengi wanauona ni ukarimu. Mteja anakuja, anataka kuingia bandani "ajichagulie mwenyewe". Asubuhi hiyohiyo ametoka kuangalia kuku Pugu, jana alikuwa Mbagala, na viatu ni vilevile. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine tunauita kideri, unasafiri hivyo: kwenye kinyesi kilichoganda kwenye soli, kwenye tenga la kukopa, kwenye trei za mayai. Hakuna tiba yake, ni chanjo tu. Kwangu haingii mtu. Nina kibanda kidogo cha waya karibu na geti, aliyelipia kishika uchumba akisema yuko njiani nawatoa kuku wachache zaidi ya aliowaomba, anachagulia pale. Waliobaki hawarudi bandani siku hiyo. Wapo wanaosema najifanya. Mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, hii ni kuku au ikulu?" Nikamcheka, nikampa kiti, akachagulia getini kama wenzake.

Sasa lile kubwa, ambalo ndilo linaloharibu majina ya watu mtandaoni: "Kuku wako wamekufa." Ujumbe huu unakuja siku ya nne au ya sita, na picha ya kuku amelala chali. Ukijibu kwa ukali umekwisha, na ukirudisha hela bila kuuliza umekwisha pia. Mimi nauliza maswali kwa sauti ya kawaida, kwa simu, siyo kwa maandishi, maana maandishi hayana sauti na yanasomwa vibaya. Uliwachanganya na kuku uliokuwa nao? Wa zamani wako salama? Kinyesi kina rangi gani, kijani, cheupe, chenye damu? Wanapinda shingo? Siku ya kwanza uliwapa nini?

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba mdondo unaweza kukaa ndani ya kuku siku mbili hadi kumi na tano kabla hajaonyesha dalili, mara nyingi kama siku tano au sita. Kwa hiyo kuku akifa siku ya sita baada ya kuuzwa, kwa macho tu huwezi kuapa kama ugonjwa aliutoa kwangu au aliukuta kwako. Kinachonilinda ni karatasi. Kila kundi lina karatasi yake ya chanjo: ya kideri siku ya saba, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya kumi na nne, kideri tena siku ya ishirini na moja, Gumboro tena siku ya ishirini na nane, kisha ndui ya kuku. Wakubwa napiga ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa ya chanjo ikiisha naipiga picha lebo pamoja na namba ya toleo na tarehe, halafu picha inakaa kwenye albamu ya kundi hilo. Mnunuzi anapewa karatasi na picha siku ile anachukua, bila kuomba. Na sikuuzii kuku aliyechanjwa juzi kwa mara ya kwanza, kwa sababu kinga inachukua wiki moja hadi mbili kujijenga, na katikati hapo ukimsafirisha kwenye jua na kumwingiza kwenye kundi geni unamtafutia kifo.

Wengi wa wanaonipigia kwa hasira, tukishaongea, inatokea kwamba waliwaingiza moja kwa moja kwa kuku wao wa kienyeji ambao hawajawahi kuonja chanjo. Kuku mgeni anatakiwa akae peke yake wiki mbili. Naandika hivyo nyuma ya karatasi. Sasa je, namlipa? Ndani ya saa 48 za kwanza, kwa wale waliochukuliwa na mtu mwenyewe na siyo kutumwa kwa basi, nabadilisha kuku kwa kuku bila maneno mengi. Gharama hiyo nimeshaihesabu kwenye bei. Baada ya hapo nasaidia kwa ushauri na namba ya afisa mifugo wa kata yake nikiipata, basi. Lakini kuku aliyetoka harudi bandani kwangu hata akiwa hai na mnene. "Nakurudishia nimebadili mawazo" ndilo ombi pekee ninalolikataa papo hapo. Kama ni lazima, namsaidia kumuuza: napiga picha, naweka kwenye status, mnunuzi anamfuata kwake.

Wa mikoani nao wana kesi yao. Kutuma kwa basi kunahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, boksi lenye matundu pande zote, na basi linaloondoka alfajiri au usiku. Anayetaka watumwe saa saba mchana bila kibali kwa sababu "rafiki yangu ni kondakta" namwacha aende na rafiki yake.

Malalamiko ya "umeniuzia mitetea, wanne wamewika" yamepungua sana tangu niache kuuza vifaranga wa chotara kwa jinsia. Kifaranga wa siku chache kwangu ni mchanganyiko, na tangazo linasema hivyo. Anayetaka mitetea asubiri wiki ya nane, kilemba kikishajionyesha na mkia ukaanza kupinda. Anawalipia zaidi, na ni haki yangu, nimewalisha. Kwa wakubwa, picha inaenda na mizani: jogoo amening'inizwa, namba inasomeka kilo mbili na nusu. Hakuna tena "mbona kwenye picha alikuwa mkubwa".

Madalali wanaochukua picha zangu na kuzipandisha kwa bei yao siwakimbizi. Niliwahi kumuona jogoo wangu mwenyewe, na ndoo yangu ya bluu nyuma yake, anauzwa 30,000 na mtu wa Tegeta. Nikamwandikia kama mnunuzi, akanijibu "yupo, njoo na hela". Sasa naandika jina la mtaa kwenye kibao kidogo kinachoonekana ndani ya picha, na dalali akitaka kweli kuuza namwambia anipigie, namwachia elfu mbili kwa kila kuku. Wawili kati yao sasa ndio wauzaji wangu wazuri.

Na yule anayetaka jogoo mwekundu asiye na unyoya mmoja wa rangi nyingine, miguu myeusi, kabla ya Ijumaa? Huyo habishani bei, analipa kabla, na haulizi chanjo. Mimi nami simuulizi.

La mwisho ni matusi kwenye maoni. Mtu akiandika chini ya tangazo "tapeli huyu, kuku wake wagonjwa", sifuti na sijibizani. Naandika mara moja tu: "Pole ndugu. Karatasi ya chanjo ya kundi lako ni hii, na getini kwangu ni Jumamosi saa tatu hadi saa sita, karibu uje na picha za kuku tuziangalie." Naambatanisha picha ya karatasi. Na hilo neno "karibu" linawafanya wasomaji wengine waulize saa ngapi hasa na geti liko wapi, na kati ya hao wawili watatu wanatanguliza.