Barua kwa mwanangu: siku niliyovuka Likoni mara tatu

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, mamako ameusoma mara mbili kabla ya kunipa simu. Umeuliza, kwa jinsi kazi ilivyokuchosha: uvumilie hapo benki mpaka Desemba, au uandike barua ya kuacha kazi sasa hivi? Nami nakuuliza: ukilala Jumamosi, Jumapili unaamka mwepesi? Maana usingizi ndio mzani. Uchovu unaotoka kwa usingizi ni wa jasho tu. Usiotoka ni mwingine.

Huo mwingine naujua. Si unaikumbuka miaka ile ya shifti za usiku bandarini Kilindini, hapo Mombasa, nikihesabu makontena? Mwanzo nilichoka mwili. Kisha nikaanza kuwachukia watu: dereva wa trela akija na karatasi zake namwona nambari tu, kama kontena. Kisha nikaanza kukosea, mimi niliyejivunia hesabu. Usiku mmoja niliandika nambari ileile mara tatu, na mara zote tarakimu za mwisho zimepinduka. Mamako akasema, "Siku hizi hucheki." Nilivyomjibu sipendi kukumbuka.

Halafu asubuhi ile. Nilitoka kazini nikapanda feri, nikashuka Likoni, na badala ya kushika njia ya nyumbani nikageuka na umati unaokuja mjini. Nikarudi. Nikavuka tena. Aendaye kwa miguu halipi, basi nani aniulize? Nimesimama ukingoni, kwapani nina kofia yako ya vito imefungwa gazetini, naogopa mlango wangu mwenyewe. Nilifika adhuhuri imepita. Ulikuwa umeshahitimu msahafu, pilau imeliwa, wewe umelala na kanzu. Hukuniuliza. Hata leo hujaniuliza.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliyaandika hayohayo matatu, likiyaita kwa Kiingereza burnout, yaani kuchoshwa na kazi kupita kiasi: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona huwezi tena. Likasema ni jambo la kazini, si ugonjwa. Mbona basi wakubwa wenu wamewaletea mwalimu wa kuvuta pumzi, na mafaili yako palepale mezani? Lakini ngoja, nisiwe mzee mbishi. Mimi nilimwambia nani? Msimamizi hakusikia neno kwangu. Pengine angenibadilishia zamu. Pengine asingenibadilishia, nilimjua yule. Alipoondoka nikapewa mchana, na bado ilipita miezi kabla sijacheka.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na siku moja ya kupumzika katika kila saba. Zako umechukua ngapi? Hiyo si hisani ya bosi. Chukua zote kabla hujaandika barua yoyote, na simu ya kazi ibaki droo. Hicho kichwa kinachokuamsha saa nane za usiku kipeleke kwa daktari, usikitulize kwa panadoli. Kisha rudi kwenye mzani: unalala, unaamka vipi?

Sitakwambia acha. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua. Lakini karo ya wadogo zako unalipa wewe, na dawa zangu za presha zinatoka mfuko huohuo. Shahidi wa namna hiyo hafai.

Mamako anauliza utashuka Alhamisi au Ijumaa. Samaki wa kupaka hangoji.

Babako