Mageuzi ya Kidijitali Vyuoni: Maswali ya Wasomaji

Chuo chetu kimeweka Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, lakini wahadhiri bado wanatuuzia vitini. Haya ndiyo mageuzi ya kidijitali? (Mwanafunzi, Morogoro)

Bado. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, haina ada ya leseni. Kinachogharimu ni seva, mafundi wa kuitunza na, zaidi ya yote, muda wa mhadhiri wa kulipanga somo lake upya. Mhadhiri asiyepunguziwa vipindi, na ambaye kazi hiyo haihesabiwi anapoomba kupanda cheo, atapakia kitini kilekile cha miaka yote kisha arudi darasani, nami simlaumu.

Kwa nini nilipe ada kwa simu, halafu nipange foleni kwa mhasibu kuonyesha risiti? (Mzazi, Dodoma)

Kwa sababu mifumo ya chuo hicho haisomani. Kumbukumbu namba inayotolewa kupitia GePG, mfumo wa Serikali wa malipo, inatosha kuonyesha nani amelipa nini, na pale mfumo wa chuo ulipounganishwa nao ipasavyo deni hupungua bila mtu kugusa karatasi. Mara nyingi tatizo liko nyuma ya kompyuta: ofisi ya udahili imeandika jina kwa namna moja, mhasibu kwa namna nyingine, idara ya mitihani kwa namna ya tatu, wala haijulikani nani ana mamlaka ya kulisahihisha. Kabla ya kununua mfumo mwingine (na wauzaji hawakosekani), chuo kikubaliane kwanza juu ya namba moja itakayomfuata mwanafunzi tangu udahili hadi cheti, na kitaje ofisi moja yenye dhamana ya taarifa zake.

Nasoma nikiwa kijijini, na bando haliishi wiki. Nifanyeje? (Mwalimu, Kigoma)

Programu ya Moodle ya simu hukuruhusu kupakua masomo penye mtandao na kuyasoma baadaye bila intaneti, iwapo chuo chako hakijaizuia huduma hiyo. Mwombe pia mhadhiri arekodi sauti badala ya video.

Matokeo yetu hutumwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na majina. Ni halali? (Mwanafunzi, Mbeya)

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inavihusu vyuo pia. Mwandikieni msajili, mkiomba kila mmoja aone matokeo yake kwenye akaunti yake mwenyewe.